Mashine Niliyoisema Vibaya

Mwalimu Yohana tumemzika wiki iliyopita, mvua za vuli zikiwa zimeanza, na udongo wa huku mlimani ulikuwa umelowa mpaka vijana waliobeba jeneza wakawa wanatembea kama wamefungwa matofali miguuni. Baada ya kaburi sisi wa kwaya ya zamani tulikaa kwenye turubai la nyuma, karibu na wapishi, kwa sababu huko chakula hufika kikiwa cha moto na mimi sina umri tena wa kula ndizi zilizopoa. Tulikuwa saba. Kila mmoja alitazama viti, akaona waliopungua. Eliasi, ambaye siku hizi ana fimbo na meno ya kununua, alitafuna nyama yake polepole kisha akaniuliza mbele ya watu wote, "Dada Nipa, ile mashine ya gitaa mliyoirudisha mjini, uliwahi kumwambia Mwalimu kwamba umemsamehe?" Nikamjibu, "Nimsamehe nini? Mwenye kosa nilikuwa mimi." Wajukuu zangu wawili waliokuwa wanagawa soda walisimama na kreti mikononi. Hawajawahi kunisikia nikisema kwamba nilikosa. Basi nimechukua daftari niandike, wasije wakahadithiwa na Eliasi, maana Eliasi huongeza chumvi. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo sitapamba. Habari za nani alinizaa na tulizaliwa wangapi sitaziandika pia, wanaozihitaji wanazijua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Siku za soko niliuza ndizi Tengeru, na siku nyingine nilipiga gitaa la solo kwenye kwaya ya vijana ya usharika wetu. Tulifanyia mazoezi katika chumba nyuma ya kanisa kilichokuwa stoo ya kahawa, na harufu ya kahawa kavu ilikuwa imeingia kwenye mbao mpaka nyimbo zenyewe ninazikumbuka kwa harufu hiyo. Kulikuwa na mabenchi manne, birika jeusi la chai ya maziwa, na sahani ya bati yenye maandazi ambayo Ndeanka aliyaleta yakiwa yamefungwa kwenye kanga. Ndeanka alikuwa rafiki yangu, tuliuza ndizi mkeka mmoja, na alikuwa na sauti ya pili nzito inayoweza kubeba kwaya nzima. Upande wa pili wa ukuta ilikuwa ofisi ya usharika, na fundi aliyejenga ukuta ule alikuwa ameishiwa mbao kabla ya kufika juu. Wazee wa kanisa wakikaa kikao, sisi tulisikia kila kitu. Ndivyo nilivyosikia habari zangu mwenyewe, nikiwa na andazi mdomoni. Mzee mmoja alisema, "Binti anapiga vizuri, sikatai. Lakini gitaa la umeme kwa mwanamke, mbele ya madhabahu?" Mwingine akasema, "Lile kavu, lisilo na umeme, alipiga miaka miwili na paa halikuanguka." Wakacheka, wakakohoa, wakavuta viti. Mwisho nikamsikia mchungaji akifunga shauri: nitapiga gitaa la umeme mpaka Sikukuu ya Mavuno, ambapo sharika za jirani zingekuja kwetu. Sauti ikiwa nzuri siku hiyo, gitaa ni langu. Tukiaibika, anapewa Eliasi, ambaye alikuwa anapiga gitaa la rithim na kusubiri. Ndeanka alinitazama akasema, "Meza hilo andazi kwanza. Kufa utakufa baadaye."

Gitaa la umeme tulikuwa tumepewa na wageni, na ampu, yaani kikuza sauti, tulikuwa nayo, kuukuu, lakini sauti ilitoka nyembamba kama mbu ndani ya debe. Kilichokosekana ni mashine ya katikati, ambayo wapigaji wanaiita priampu. Kwa wasioijua: ni sanduku bapa la chuma, lina masikio mawili yenye matundu pembeni, unalikaza kwa skrubu ndani ya kabati lake ili lisitikisike njiani. Sauti ya gitaa inaingia humo ikiwa dhaifu, inatoka ikiwa imeshiba, ndipo inakwenda kwenye ampu. Na zile tulizozitaka zilikuwa na efekti ndani yake, yaani mwangwi, na sauti kuwa kama gitaa mbili, na ile ya kukwaruza ambayo wazee waliiogopa kuliko shetani. Siku hizi mjukuu wangu ana hayo yote kwenye simu na hajui kwamba watu waliwahi kuyabeba kwenye pikapu. Kwaya ilikuwa imechanga, mashine ikawa inunuliwe, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye kuipiga, Mwalimu Yohana, mwenyekiti wetu, aliamua kwamba mimi ndiye nitakayechagua. Alisema hivyo mbele ya wote. "Elinipa atasikiliza, atasema, mimi nitalipa." Mtu wa chaki, shati limepigwa pasi hadi kola, alihamia kwetu kufundisha akitokea mbali sana, na alikuwa hajawahi kununua hata mbuzi katika soko letu. Hilo sikulifikiria. Ningelifikiria, nisingekuwa naandika.

Tulikwenda mjini na pikapu ya usharika, kumi na mmoja nyuma juu ya magunia ya kabichi, kwa sababu kwetu kitu cha wote kinakwenda kununuliwa na wote. Duka lilikuwa mitaa ya zamani nyuma ya soko kuu, chumba kirefu chenye giza, redio zilizofunguliwa matumbo zimepangwa hadi darini, harufu ya risasi ya kuchomelea. Mwenye duka, Bwana Hamisi, alikuwa mtu mnene mwenye baraghashia na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alituona tunavyoingia mmoja mmoja akasema, "Karibuni. Leo ni harusi?" Alikuwa na mashine mbili za bei moja, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa mpya, ina kioo kidogo cha kijani kinachoandika, na sauti nyingi zilizokwisha kutengenezwa ndani; unabonyeza kitufe cha mshale inakuja nyingine. Ya chini ilikuwa nyeusi, imetumika, imekwaruzwa, ina vifundo vya kuzungusha kama vya redio na swichi moja ya kukanyaga. Mafundi wawili wa bendi walikuwa wamesimama kaunta wakiitazama hiyo ya chini. Bwana Hamisi akachomeka gitaa letu kwenye ya juu. Kelele tuliyoisikia siku hiyo! Kila nilipobonyeza mshale kwaya ilipiga vigelegele. Sauti moja ilikuwa kama kinanda cha kanisani, nyingine kama maji kisimani, nyingine kama ndege inayotua. Eliasi alikuwa anaruka, "Hiyo! Hapana, hiyo! Dada Nipa, rudisha ile ya ndege!" Mwalimu alitabasamu akitazama kile kioo, maana alipenda kitu kinachoandika.

Mimi nilisikia mambo mawili ambayo wao hawakuyasikia. La kwanza, ukibadilisha sauti, mashine inakata pumzi, kimya kama cha kupepesa jicho, halafu ndiyo inaendelea. Katikati ya wimbo kimya hicho kinamwangusha mwimbaji. La pili, sauti zote zilikuwa na mwangwi ndani yake, na sikuona pa kuutolea. Kanisa letu ni la mawe na juu ni bati tupu. Ukikohoa mlangoni, kikohozi kinafika madhabahuni kabla yako. Ukipeleka mwangwi mahali pale unapeleka maji mtoni. Kisha nikapiga ile ya chini. Niligeuza kifundo cha mwangwi mpaka sifuri, na gitaa likazungumza, neno kwa neno, kila uzi umesimama peke yake. Nikakanyaga swichi, sauti ikanenepa bila kukata. Nilijua palepale, kama unavyojua mtoto wako katika kundi la watoto.

Sasa niwaambie tulivyolelewa sokoni. Ng'ombe unayemtaka hutakiwi kumsifu. Ukimsifu, mwenye ng'ombe anapanda juu, hashuki. Unamzunguka, unasema pembe zimepinda, unasema kwato, unacheka kidogo, unaondoka. Unakwenda kunywa chai. Unarudi baadaye kama mtu aliyepita kwa bahati tu, na mwenye ng'ombe wakati huo ameanza kuogopa kurudi naye nyumbani. Kila mtoto wa Tengeru anayajua haya kabla ya kujua kusoma. Basi nililiweka gitaa chini nikasema kwa sauti, "Hii sura yake tu inachosha. Imekwaruzwa kama imetoka kupigana na paka. Haina taa, haiandiki, vifundo kama meno ya mzee. Hata nikipewa bure nitaizuilia mlango usipigwe na upepo." Ndeanka alinielewa mara moja, akaongeza, "Na inanuka." Mafundi wale wawili waliitazama tena, wakatazamana, wakaondoka. Nami nikamwambia Bwana Hamisi, "Tunatembea kidogo," nikamshika Ndeanka mkono tukatoka tukiwa tumenuna vizuri kabisa.

Tulikaa kwenye mgahawa mmoja mdogo, meza zimefunikwa plastiki ya maua, tukala ndizi na utumbo na kunywa chai mbili mbili, kwa makusudi, ili muda upite. Meza ya nyuma wanaume walikuwa wanabishana kama mvua itafika Momela kabla ya huku. Ndeanka akasema, "Tukirudi nitaanza mimi. Nitasema tuichukue tu kwa kuwa pikapu inatusubiri." Nikasema, "Na uhema kidogo." Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Ninaikumbuka sana chai ile, kwa sababu ilikuwa ya mwisho niliyokunywa kwa raha kwa wiki tatu. Tuliporudi tulimkuta Mwalimu Yohana amesimama kando ya pikapu, mkono juu ya boksi jipya, uso unang'aa. "Elinipa," akasema, "nimefuata maneno yako. Ile mbovu nimeiacha." Ndani ya boksi ilikuwa ile yenye kioo. Kwaya walikuwa wanaimba tayari. Eliasi alikuwa amekaa juu ya kabichi akiiga ndege inayotua. Ndeanka akanibana mbavu, "Sema." Sikusema. Nilipanda nikakaa. Nilijiambia nitasema tukivuka mto Themi, kisha nikajiambia nitasema tukifika Tengeru, kisha tukafika kwetu na watoto wakaja mbio kuona mashine, na mimi nikasaidia kuishusha.

Jumapili ya kwanza gitaa lililia kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Mwangwi wa mashine uligongana na wa bati, ubeti wa kwanza ukawa bado unazunguka juu sisi tumefika wa tatu. Nilipobadilisha sauti, kile kimya kidogo kikaja, na safu nzima ya sauti ya kwanza ikasita. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Kupitia juu ya ukuta wa ofisi nilisikia, "Mashine mpya, aliyoichagua mwenyewe, na bado." Na mwingine, "Ni vidole." Na Eliasi, kwenye mazoezi, bila ubaya, aliniambia, "Dada Nipa, labda inataka mkono wa kiume." Nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Nikisema mashine haifai, mimi ndiye niliyeichagua. Nikisema sikuichagua, basi nilidanganya mbele ya watu kumi na mmoja. Nikinyamaza, Mavuno yanafika na gitaa linakwenda. Kila jioni nilikaa na mashine ile nikibonyeza mishale, kioo kikaandika Kiingereza, mimi nikakitazama. Ndeanka alikuwa anapika loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, kwake siku moja, akaniwekea bakuli mbele, akasema, "Kula. Halafu kesho useme. Nimechoka kusimama karibu na mtu anayenuka siri."

Nilisema Alhamisi, saa kumi, kwenye mazoezi. Nilisimama kabla ya sala. Nikasema, "Mashine niliyoitaka ni ile nyeusi. Niliisema vibaya ili mwenye duka asipandishe bei. Nilikuwa narudi kuinunua. Mwalimu akalipia nyingine kwa sababu aliniamini." Upande wa pili wa ukuta wazee walikuwa kwenye kikao, na nikasikia kiti kikivutwa karibu na ukuta. Mwalimu Yohana alivua miwani. "Ulisema utaizuilia mlango." "Ndiyo, Mwalimu." "Na yeye akasema inanuka." Ndeanka akainamia sakafu. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akajizuia, ikatoka puani. Mwalimu hakucheka. Akauliza, "Kwenu ndivyo mnavyonunua?" Nikasema, "Nilidhani kila mtu ananunua hivyo." Akasema maneno ambayo sijayasahau: "Hilo la dukani nakuelewa, nilikuwa mgeni na nilipaswa kuuliza. Lakini wiki tatu ulikuwa unanitazama usoni."

Jumatatu tulikwenda mjini wawili tu, mimi na yeye, mashine ikiwa kwenye boksi lake. Duka lilikuwa na wateja. Bwana Hamisi aliniona akaanza kutikisika tumbo kwa kicheko. "Dada! Nilikuwa nakusubiri. Mjomba wangu alikuwa dalali wa ng'ombe. Mtu asiyetaka kitu hunyamaza. Wewe uliitukana kama mke mwenza." Nikamwambia, "Mbona hukusema?" "Niseme nini? Mwenye hela ananyoosha kidole kwenye kitu, mimi nimwambie sicho?" Akaipangusa ile nyeusi, bado ilikuwepo. "Nabadilisha, bei ni moja. Lakini wale mafundi wawili siku ile walikuja kuichukua, na tangu umwage maneno yako hakuna aliyeigusa. Leo watu wapo. Iseme vizuri." Nilidhani anatania. Akakunja mikono. Mwalimu Yohana akasogea pembeni kabisa, akaniacha katikati ya duka peke yangu. Kusifu kitu mbele ya mwenye nacho, kwetu ni kama kuvua nguo. Nilisema, "Hii mashine ni nzuri." "Sisikii," akasema Bwana Hamisi. Nikasema kwa sauti ya sokoni, "Hii mashine ni nzuri! Haikati sauti, mwangwi wake unazimika, na inabeba gitaa bila kulifunika. Nilisema uongo." Mzee mmoja aliyeleta redio yake akapiga makofi. Nilitoka mle nimelowa jasho, lakini wepesi nilioupata sikuwahi kuuona sokoni hata siku nilizomaliza ndizi saa nne asubuhi. Wanaosema kwamba Bibi Elinipa ana mdomo mkali, kwamba hajui kuzunguka, wajue nilianzia hapo. Kizuri nakiita kizuri, kibaya nakiita kibaya, na muda ninaookoa nalimia bustani.

Adhabu ilikuwepo, na sikuipinga. Wazee walisema mashine ibaki, mimi nisishike gitaa mpaka Mavuno yapite, na siku ya Mavuno apige Eliasi. Baada ya hapo wataamua gitaa ni la nani. Nilikaa sauti ya pili, bega kwa bega na Ndeanka, na nilimfundisha Eliasi vifundo vyote, kimoja kimoja, bila kumficha kitu. Sikukuu ilipofika kanisa lilijaa mpaka madirishani, mahindi na mikungu imerundikwa mbele, na ile mashine nyeusi ikafanya kazi yake. Kila uzi ulisikika peke yake. Niliona wazee wanatazama juu, wakitafuta ule mgongano wa sauti, wasiuone.

Baada ya ibada mnada wa mazao ukaanza uwanjani. Watu walikuwa wanapandishiana jogoo mmoja mwekundu, kwaya za jirani zimetuzunguka, Eliasi bado amelivaa gitaa kwa sababu alipenda kuonekana nalo. Mwalimu Yohana alikuja na wazee watatu na mchungaji. Akaniita kwa jina. "Elinipa, wewe ndiye uliyeichagua. Mashine vipi?" "Nzuri, Mwalimu." "Na mpigaji?" Ndeanka alinishika kanga kwa nyuma. Nilielewa, na wao walielewa. Nikimsifu, ni adabu, na gitaa limekwenda, maana kwa nini limtoke mtu anayepiga vizuri? Nikimkosoa, ni wivu, na gitaa limekwenda vilevile. Nikasema, "Mpigaji ana haraka. Ubeti wa pili ameikanyaga swichi kabla kwaya haijavuta pumzi. Na uzi wa tatu umelegea tangu wimbo wa kwanza." Mzee mmoja akasema palepale, "Si nilisema? Wivu." Mwalimu hakumgeukia. Akaniuliza, "Hayo ni maneno ya sokoni au ya kanisani?" "Ni yaleyale, Mwalimu. Sina tena ya aina mbili."

Eliasi alikunja uso. Kisha, taratibu, akashusha kidole akagusa uzi wa tatu. Hata bila umeme ulisikika, umeshuka kama mtu aliyesinzia kwenye benchi. Akaugusa wa pili, akarudia wa tatu. Akaanza kucheka, kwanza peke yake, halafu na sisi, na mnadi akadhani tunamcheka jogoo. "Ni kweli," akasema Eliasi. "Nilijua kuna kitu kinanisumbua, nikadhani ni viatu." Alivua gitaa kichwani, akanipa mbele ya wazee, na nikasubiri mmoja wao aseme jambo. Mchungaji alitazama Mwalimu. Mwalimu Yohana alikuwa anafuta miwani, kazi aliyoifanya kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Nikakaza uzi. Mkanda wa gitaa Eliasi alikuwa ameurefusha kwa kimo chake. Nikaurudisha matundu mawili, nikalivaa.